Mwindo, koltani na kamba ya shangazi

Jioni moja, kisha masomo, tulikuta wanafunzi wetu wa mwaka wa tano wamebanana kwenye benchi moja, vichwa saba juu ya telefone moja. Walikuwa wanaangalia filme Black Panther, ile ya 2018, ambamo nchi ya Wakanda inaficha utajiri wake kwa sababu ya madini yanayoitwa vibraniamu. Mmoja wao akatuambia bila hata kugeuza kichwa: "Mwalimu, hii madini ni yetu. Njo koltani, walibadilisha jina tu." Wenzake wakacheka. Sisi pia tulicheka, lakini usiku neno lile lilitukatalia usingizi.

Kusema kweli, kijana yule alikosea kwa tarehe. Black Panther alizaliwa katika magazeti ya picha ya Marekani mwaka wa 1966, miaka mingi kabla ya bei ya koltani kupanda mwaka wa 2000 na kila mtoto wa Masisi kujifunza jina hilo. Lakini kwa maana, hakukosea. Alikuwa anauliza swali ambalo mhakiki yeyote anapashwa kuuliza mbele ya hadithi za kubuni za kisayansi: mashine ni ya nani, na nani analipa?

Ndugu msomaji, pengine utasema kwamba hadithi za namna hiyo ni mambo ya Wazungu, hazina nafasi katika kijitabu cha mila. Tungojee kidogo. Kwanza, hadithi hizo zilianza kutembea kwetu zamani. Jules Verne, Mfaransa, alitoa mwaka wa 1863 kitabu juu ya majuma matano ndani ya puto. Wasafiri wake watatu wanaondoka Zanzibar, wanaruka juu ya Afrika nzima mpaka Senegali. Verne alikiandika bila kukanyaga Zanzibar. Wanapofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, watu wanadhani puto ni mwezi umeshuka, na wasafiri ni wana wa mwezi. Kisha mwezi wenyewe unatokea angani, uongo unafichuka, na wageni wanakimbia. Tulipokisoma zamani tulicheka sana kwenye ukurasa huo. Tulipokisoma tena tukiwa watu wazima, tuliona jambo jingine: katika kitabu hicho chote Mwafrika ni mtu wa kutazama juu na kushangaa. Kuruka si kazi yake.

Zaidi ya miaka mia moja kisha, mwaka wa 1980, Mmarekani Michael Crichton akaandika Congo, na filme ikafuata 1995. Hiyo ni karibu na mlango wetu kabisa: milima ya Virunga, mji uliopotea, sokwe wa kijivu waliofundishwa kulinda migodi, volkano inayolipuka. Watu wanatafuta almasi za bluu kwa ajili ya kompyuta. Tukubali, Crichton aliona mbali: kampuni za mbali zinashindana juu ya jiwe la msitu wetu, na jiwe lenyewe linahitajika katika mashine ambazo mwenye msitu hajaziona. Miaka ishirini baadaye ndivyo ilivyokuwa kwa koltani. Na Walikale, ndege zilikuwa zinatua juu ya lami ya barabara pale Kilambo kupakia kasiteriti ya Bisie. Nani angeamini kama angeisoma mu kitabu? Lakini Waafrika wa Crichton ni wapagazi au wala-watu. Sokwe mmoja, Amy, anapewa maneno mengi kuliko wao. Hapo sisi tunafunga kitabu.

Sasa turudi nyumbani. Wazee wa Kinyanga wana karisi, utenzi mrefu wa shujaa Mwindo. Mwaka wa 1956 mzee Candi Rureke aliusimulia mbele ya Mbelgiji Daniel Biebuyck, akiimba, akicheza, akiigiza, siku kumi na mbili. Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwana wa Kinyanga, wakautoa kama kitabu 1969, huko Kalifornia. Kwa Kiingereza, lakini! Wengi wetu tulikutana na Mwindo mara mbili: mara ya kwanza vipande vipande karibu na moto, mara ya pili katika fotokopi iliyofifia, na kamusi mkononi.

Shemwindo, mwami wa Tubondo, alikataa kuzaliwa mtoto mwanaume. Mwindo akazaliwa hata hivyo, akitokea kwenye kidole cha mama yake, tayari anatembea na kusema, mkononi usinga. Baba akajaribu kumchoma mkuki, akamzika, mwishowe akamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Ngoma ikageuka chombo cha safari: mtoto akapanda nayo maji kuelekea kwa shangazi yake Iyangura. Wajomba zake Baniyana, yaani popo, ambao ni wahunzi, wakamvalisha chuma mwili mzima: viatu vya chuma, suruali ya chuma, shati na kofia. Kisha baba akakimbilia chini ya ardhi kwa Muisa, na Mwindo akamfuata. Kabla ya kushuka, akamwachia shangazi ncha ya kamba: ikiendelea kutikisika, mimi ni mzima, ikitulia, nimekufa.

Rafiki yetu mmoja, mwalimu wa fizika, hapa anapiga meza: "Munaona? Nguo ya kwenda mwezini, simu ya waya, nyambizi! Wazee walivumbua vyote mbele ya Wazungu." Tunamheshimu, lakini hatukubaliani naye hata kidogo. Karisi haisemi kwamba tulikuwa na nyambizi. Verne anakueleza namna ya kupasha joto hewa ya puto ili lipande. Rureke hakuelezi ngoma inapandaje mto, kwa sababu nguvu iko katika neno la Mwindo na usinga wake. Kumvalisha mzee wa watu koti la injinia ni kumwonea haya. Ni kama kusema hadithi yake haitoshi mpaka ifanane na ile ya wengine.

Kinachotushika sisi ni kingine. Mwindo anapokuwa amekwisha shinda wote, anaua zimwi Kirimu, ambalo lilikuwa rafiki wa Nkuba, bwana wa radi. Nkuba anamchukua juu. Mwindo anakaa angani mwaka mzima, kwa Mvua, kwa Mwezi, kwa Jua, kwa Nyota, akipigwa na baridi na joto, akifundishwa kwamba haruhusiwi tena kuua mnyama. Anaporudi anawapa watu wake sheria. Sasa linganisha na wasafiri wa Verne. Wao wanapanda juu kwa kuonyesha uwezo, wanatua Senegali bila deni kwa mtu. Mwindo anapandishwa juu kwa kuadhibiwa. Na yule baba aliyemzika, hamuui. Anamrudisha kijijini na kumkalisha kitini. Hapa Ntoto, ambapo vita vya 1993 vilianzia sokoni mwezi wa tatu, hatuwezi kusoma mwisho ule haraka haraka.

Waandishi wa siku hizi wamekwisha kuelewa jambo hili la deni. Katama Mkangi wa Kenya, katika Walenisi (1995), anamrusha Dzombo katika chombo kilichokusudiwa kumwua, naye anafika nchi ambayo jina lake ni "wale ni sisi". Wanuri Kahiu, Mkenya pia, katika filme fupi Pumzi ya 2009, anaonyesha dunia kisha vita vya maji, na mwanamke anayetoa jasho lake kwa mche mmoja. Ni nzuri, ingawa kwetu, penye mvua karibu kila siku, inabidi kujikaza ili kuiogopa.

Ile iliyotugusa zaidi ni Neptune Frost ya 2021, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyopigwa Rwanda juu ya Burundi. Mchimbaji wa koltani anampoteza ndugu yake mgodini, anakimbia, anajikuta katika kijiji kilichojengwa kwa vipande vya kompyuta. Kuna Kiswahili ndani. Tuliiona Goma, kwenye kompyuta ya rafiki. Inachanganya, nyimbo ni nyingi kuliko maelezo, mara mbili tulirudisha nyuma kwa kutoelewa. Lakini ni mara yetu ya kwanza kuona mchimbaji katika hadithi ya kisayansi akiwa ndiye mwenye kuwaza.

Kwa hiyo tuliwapa wanafunzi kazi: Mwindo leo, kurasa mbili. Wengi walileta Wakanda yenye majina ya Kinyanga. Mmoja tu, aliyekuwa na kaka Rubaya, alimshusha Mwindo ndani ya shimo la koltani. Telefone haishiki rezo kule chini, kwa hiyo shangazi amekaa juu ya mdomo wa shimo, kamba imezungushwa mkononi, anauza maandazi kwa mkono wa pili. Tulimpa 16 juu ya 20, tukaandika kando: "Endelea, kamba inasema nini?" Mwezi wa nne 2024 M23 ilichukua Rubaya, watu wakatawanyika, na jamaa yake ikahama kabla hatujarudisha kazi. Daftari liko kwetu, kwenye sanduku la vitabu, ukurasa wa tatu haujaandikwa.