Fadhila za Muuguzi

Seremala akimaliza kazi yake huacha mlango, mwashi huacha ukuta, na mpita njia huweza kusimama akavitazama, akasifu au akatoa kasoro. Kazi ya muuguzi wa hospitali haikujaliwa ushahidi wa namna hiyo, kwani sehemu yake iliyo bora ni mambo ambayo hayakutukia: kidonda ambacho hakikutunga usaha, mzazi ambaye damu yake haikumwagika hata akazirai, mzee ambaye hakuanguka usiku akienda msalani, dawa ambayo haikuingia katika mshipa wa mtu asiyestahiki kuipata. Ni mshairi gani atakayetunga kasida juu ya msiba uliokosa kutokea? Ndiyo maana daktari wa upasuaji hupewa shukrani zake hadharani, ilhali muuguzi, aliyeilinda kazi ya daktari huyo usiku na mchana kwa muda wa juma zima, hukumbukwa, kama akikumbukwa, kwa ile siku moja alipojibu kwa ukali.

Na tuanze na ngozi. Mtu aliyepatwa na kiharusi hulala vilevile alivyolazwa, na uzito wa mwili wake hukandamiza nyama laini iliyo baina ya mfupa na godoro, hususan kwenye visigino, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo. Mishipa midogo ya damu hubanwa, na nyama iliyonyimwa damu hufa, aghalabu kuanzia ndani, hata alama inapojitokeza juu huwa madhara yamekwisha kutangulia chini yake. Vitabu vingi vya mafunzo humwambia mwanafunzi atazame wekundu. Lakini juu ya ngozi nyeusi wekundu huo hufichika, basi muuguzi mjuzi wa wodi zetu hutumia mgongo wa kiganja kuonja joto, na ncha za vidole kuonja ugumu, akalinganisha upande mmoja na wa pili. Dawa ya balaa hiyo haimo chupani. Ni kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa 2, kwa watu wawili wanaomwinua pamoja pasipo kumburura, kunyoosha shuka lisibaki hata kunjo moja, kumkausha, kisha kuandika saa na upande aliolazwa ili wa zamu ifuatayo asimrudishe palepale. Mgonjwa huyo akienda kwao baada ya mwezi mzima na mgongo usio na jeraha, hakuna hata mmoja katika jamaa zake atakayeulizia habari za mgongo.

Usanii mwingine ni wa kuhesabu, na mimi nauona kuwa ndio wenye hila nzuri kuliko zote. Mtu mzima aliye katika siha yake huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika, na pumzi zikianza kuongezeka huwa ni miongoni mwa dalili za mwanzo kabisa kwamba mwili unaelekea pabaya, pengine saa nyingi kabla shinikizo la damu halijashuka. Lakini mwanadamu akiambiwa kwamba pumzi zake zinahesabiwa, hapo hapo huzibadili bila kukusudia. Kwa hiyo muuguzi hushika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo ya moyo, na akishamaliza hauachii mkono ule. Huendelea kuushika kana kwamba bado yumo katika hesabu ya kwanza, na macho yake, huku yakionekana kuitazama saa, hufuata kifua kinavyopanda na kushuka kwa dakika nzima. Mgonjwa husema moyoni, sista huyu ana upole, amenishika mkono kitambo. Naye hakukosea, ila upole ule una tarakimu ndani yake.

Hesabu haiishii hapo. Daktari ameandika lita moja ya maji ya dripu kwa saa 8. Mpira unaotumika hudondosha matone 20 kwa kila mililita. Basi lita hiyo ni matone 20,000, nayo yakigawanywa kwa dakika 480 huwa kiasi cha matone 42 kwa dakika, na muuguzi husimama chini ya chupa, saa mkononi, akikifunga na kukifungua kigurudumu mpaka tone liangukiane na hesabu. Haya hufanyika wodini, pengine kwa taa hafifu, huku mgonjwa wa kitanda cha pili akiita. Tena ni wajibu wake kurudi na kuhesabu upya, kwa sababu mgonjwa akikunja kiwiko maji husimama, na kwa sababu wako jamaa wenye huruma isiyo na ilimu, ambao huona maji yanakwenda polepole wakakifungua kigurudumu ili mpenzi wao apone upesi. Mtoto mchanga, au mtu mwenye moyo dhaifu, huweza kujaa maji mapafuni kwa huruma ya namna hiyo.

Maarifa haya hayaokotwi njiani. Hapa Tanzania mwenye kutaka kuwa muuguzi msajiliwa lazima awe amefaulu masomo ya sayansi, yaani biolojia, kemia na fizikia. Kisha husoma miaka 3 kwa stashahada, au 4 kwa shahada na juu yake mwaka wa mazoezi. Halafu huingia mikononi mwa Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo humtahini, humsajili na kumpa leseni, na leseni hiyo haina budi kuhuishwa. Pasipo leseni, hata angekuwa na mikono ya dhahabu, haruhusiwi kumgusa mgonjwa kwa sindano. Nayataja haya kwa sababu ungali uko usemi majumbani mwetu kwamba mtoto aliyekosa nafasi ya udaktari na apelekwe unesi. Usemi huo ni ujahili. Anayeusema na aulize ni nani huisoma amri ya daktari kwa mara ya mwisho kabla dawa haijaingia mwilini. Ni muuguzi, ambaye hupaswa kuhakiki kwamba mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ndiyo na wakati ndio, na akiona nukta ya desimali imesogea hatua moja, ajue kwamba dawa imezidi mara 10, akaweka bomba la sindano chini na kumwendea daktari, huenda mwenye umri na cheo kumpita yeye mbali, akamwambia kwa adabu, “Daktari, samahani, hii sitaitoa mpaka uithibitishe.” Ushujaa huo hauvishwi nishani.

Asili ya kazi hii ni kongwe. Wapokezi wa sira ya Mtume wametuhadithia habari za Rufaida wa kabila la Aslam, ambaye khema yake ilipigwa katika msikiti wa Madina, na ndimo alimolazwa sahaba Saad bin Muadh alipojeruhiwa kwa mshale katika Vita vya Handaki. Saad alifariki kwa jeraha lile, wala fadhila ya Rufaida haikupungua, maana muuguzi hakuahidi uzima. Ameahidi kutomwacha mtu peke yake na maumivu yake. Na Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza aliyewaongoza wanawake 38 kwenda Scutari, Uturuki, kuuguza majeruhi wa vita mwaka 1854, alipoandika kitabu chake cha mwaka 1859 aliweka humo sura nzima juu ya kumwangalia mgonjwa, na mwaka uliofuata chuo chake cha uuguzi kikafunguliwa katika hospitali ya St Thomas, London.

Iko sifa moja isiyotahiniwa na Baraza lolote. Binti wa miaka 23 amepewa kazi ya kumwogesha mzee ambaye kwao ni shehe au mwalimu, mtu ambaye hata mkewe hupiga hodi kabla ya kuingia chumbani mwake. Huvuta pazia kwanza. Humwambia, “Shikamoo babu, nimekuja tukuoshe.” Huanza na uso, hufunua kiungo kimoja na kukifunika kabla ya kufunua kingine, na afikapo pale penye staha, ikiwa mkono wa mzee una nguvu hata kidogo, humpa kitambaa kilichokwisha kutiwa sabuni, akageuza uso na kuanza kukunja shuka lisilohitaji kukunjwa. Yote ayaonayo hapo, na yote ayasikiayo, ni amana, haitoki nje ya wodi.

Sikatai kwamba wako wauguzi wakali, na wako walioichukia kazi yao; aliyetukanwa akiwa katika uchungu wa kuzaa hawezi kufarijiwa kwa insha. Lakini insafu yataka tuulize pia juu ya vitanda. Tuseme wodi ina wagonjwa 30, na 10 kati yao hawawezi kujigeuza. Kwa zamu ya usiku yenye saa 12, kila mmoja ageuzwe mara 6: hiyo ni mara 60, na kila mara yahitaji watu wawili, kabla hajapimwa mtu joto, wala kutundikwa dripu, wala kujibiwa aitaye. Wenye dhamana ya hazina na ajira na waifanye hesabu hiyo wenyewe kwa kalamu, kisha wasiiache wodi ya namna hiyo mikononi mwa muuguzi mmoja.