Kusema Wimbo: Uimbaji wa Kale wa Ireland na Mwanafunzi Asiye na Mwalimu

Msemaji wa Kiairishi anapoombwa na wenzake awaimbie, huambiwa "abair amhrán". Maana ya maneno hayo si "imba wimbo", bali "sema wimbo". Sisi tunayo maneno yetu ya kupambanua kazi za sauti: wimbo huimbwa, shairi hughaniwa, hadithi husimuliwa. Waairishi nao wanalo neno la kuimba, lakini katika mwaliko huu desturi imechagua neno la kusema. Yafaa tulishike tangu mwanzo, kwa kuwa ndilo litakalotuongoza katika swali la makala haya: Je, mtu aliyezaliwa mbali na uimbaji huo, asiye na mwalimu wala jirani wa kumsahihisha, aweza kujifunza kwa vitabu na rekodi tu? Na ikiwa aweza, aanze wapi?

Jibu tulisikialo mara nyingi ni kwamba kizuizi kikubwa ni madoido ya sauti, yaani yale mapindo madogo madogo ambayo mwimbaji huyatia kati ya noti moja na nyingine. Mimi nina rai nyingine. Naona kwamba madoido ndiyo sehemu iliyo rahisi kuigwa, na kwamba aanzaye nayo huezeka paa kabla ya kusimamisha nguzo.

Uimbaji huo huitwa sean-nós, maana yake "mtindo wa kale". Huimbwa na mtu mmoja pasipo ala yoyote. Mwendo wake haufuati mapigo ya ngoma. Hufuata mwendo wa maneno. Mwimbaji hapazi sauti ili kuonyesha hasira wala haishushi ili kuonyesha huzuni. Haigizi kwa mikono wala kwa uso, na pengine hufumba macho. Makao yake ni zile sehemu ambazo Kiairishi kimebaki kuwa lugha ya nyumbani: Connemara upande wa magharibi, Donegal upande wa kaskazini magharibi, na sehemu chache za Munster upande wa kusini, kama kijiji cha Cúil Aodha katika Cork. Sehemu hizo zamani zilikuwa kubwa zaidi. Njaa Kuu iliyoanza mwaka 1845 iliua watu wapatao milioni moja, na wengine wapatao milioni moja wakaikimbia nchi. Walioumia zaidi walikuwa maskini wa magharibi, ambao wengi wao walikuwa wasemaji wa Kiairishi. Basi huu ni uimbaji wa lugha iliyonusurika, na kwa sababu hiyo swali letu si la mchezo. Ikiwa mtu wa mbali hawezi kabisa kuupokea, maisha yake yatategemea vijiji vichache tu. Na ikiwa aweza kuupokea kwa namna yoyote apendayo, huenda akapokea ganda akaliita kiini.

Chombo cha kwanza cha mtu ajifunzaye peke yake kilikuwa karatasi. Mwaka 1792 wapiga vinubi wa Ireland walikusanywa katika mji wa Belfast, na kijana mmoja mpiga kinanda, Edward Bunting, akapewa kazi ya kuziandika nyimbo zao. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1796. Tungekosa shukrani tusipokiri kwamba Bunting aliokoa mengi ambayo yangalizikwa pamoja na wazee wale. Walakini aliyaandika mahadhi ili yapigwe kwa piano, na maneno hakuyachapisha. Mwaka 1802 Patrick Lynch alitumwa kwenda magharibi kukusanya maneno ya nyimbo. Lakini kitabu cha pili kilipotoka mwaka 1809, kilichowekwa humo chini ya mahadhi kilikuwa ni mashairi ya Kiingereza. Tazama yaliyotokea: mahadhi yalisafiri, na usemi ukabaki nyuma. Msomaji wa vitabu hivyo aliweza kupiga sauti zote bila kukosea hata moja, asijue kwamba sauti hizo zilikuwa zikisema jambo.

Karatasi ilipata heshima nyingine mikononi mwa Séamus Ennis, aliyekuwa mkusanyaji wa Tume ya Mapokeo ya Ireland tangu mwaka 1942 mpaka mwaka 1947. Alisafiri kwa baiskeli, akiwa na kalamu na karatasi, na kwa Colm Ó Caodháin wa Glinsce, Connemara, aliandika nyimbo na vipande zaidi ya mia mbili. Ennis mwenyewe alikuwa mpigaji na mwimbaji. Kiairishi alikijua, na alipofika katika nyumba ya Colm hakukaa kama karani wa mahakama, bali kama rafiki. Kalamu yake haikuwa bora kuliko ya Bunting. Iliyokuwa bora ni njia ya wimbo kufika katika kalamu hiyo, maana ulipita katika mazungumzo kwanza.

Chombo cha pili ni rekodi. Hapa mwanafunzi wa leo ana bahati ambayo wazee wake hawakuwa nayo. Joe Heaney, aliyeitwa Seosamh Ó hÉanaí kwa lugha yake, alizaliwa Carna, Connemara, mwaka 1919, akafariki dunia Seattle, Marekani, mwaka 1984. Alipata kuwa bawabu katika jumba la New York, na mwisho alifundisha katika Chuo Kikuu cha Washington. Mwaka 1964 Ewan MacColl na Peggy Seeger walimhoji na kumrekodi, na kazi hiyo ilitolewa kwa watu wote mwaka 2000. Rekodi zake nyingine nazo zimehifadhiwa, na mtu aliye popote duniani aweza kuzisikiliza usiku kucha. Husikia pumzi, kituo, mlio wa puani, na neno la mwisho ambalo pengine waimbaji wa namna hii huliacha kuliimba wakalitamka tu, kama mtu anayerudisha wimbo katika mazungumzo ulikotoka.

Lakini rekodi ina hila yake. Karatasi hupunguza, rekodi hugandisha. Mwimbaji wa sean-nós habadilishi ubeti kwa ubeti kwa kusahau. Hubadilisha kwa sababu maneno ya ubeti wa pili si yale ya ubeti wa kwanza, na sauti yapasa kuyafuata. Kesho ataimba wimbo ule ule kwa mapindo mengine. Mwanafunzi aliye na rekodi moja huikariri ile siku moja ya mwimbaji kana kwamba ndiyo wimbo wenyewe. Huweza kuiga kila pindo, akawa kama mtu aliyekariri hotuba ya mwenziwe pamoja na kikohozi chake.

Kwamba madoido si kiini, ushahidi umo ndani ya Ireland yenyewe. Kwa jumla waimbaji wa Connemara hupamba sana. Wale wa Donegal hupamba kidogo, na mwendo wao umenyooka zaidi. Ikiwa sean-nós ni mapindo ya sauti, basi Donegal ingekuwa nje ya mlango. Wala hakuna ajuaye mambo haya asemaye hivyo. Yanayowaunganisha waimbaji wa sehemu zote ni kwamba wimbo hubebwa na lugha.

Jambo hili laonekana wazi katika vina. Mwanafunzi wetu amezoea kina kinachokaa katika silabi za mwisho wa kipande. Nyimbo nyingi za Kiairishi hujengwa vingine: irabu zenye mkazo hurudiwa mahali pale pale, mstari kwa mstari, hata ubeti mzima ukawa kama ushanga ulioshonwa kwa uzi mmoja. Irabu moja ikitamkwa vibaya, uzi umekatika. Tena tahajia haimsaidii sana mgeni, kwa kuwa maandishi sanifu yaliyowekwa mwaka 1958 hayaonyeshi kila tofauti ya matamshi ya mikoa, na kina kilicho hai katika kinywa cha mtu wa Connemara chaweza kufichika katika ukurasa. Basi mtu aliyejifunza mapindo kumi ya Heaney, na irabu hazijui, ameharibu shairi kwa sauti nzuri. Na aliyejifunza irabu, hata kama sauti yake ni kavu, amelihifadhi.

Nguzo ya pili ni kile Waairishi wakiitacho "údar", yaani asili ya wimbo: nani aliutunga, ni tukio gani, ni nani waliotajwa. Chukua wimbo wa "Anach Cuain", uliotungwa na Antoine Ó Raifteirí, mshairi kipofu aliyefariki mwaka 1835. Mwezi Septemba mwaka 1828 mashua iliyopakia watu na kondoo ilikuwa ikielekea mnadani Galway kwa njia ya ziwa Corrib. Ilizama karibu na mwisho wa safari, na watu 19 wakafa maji. Wimbo huo huwataja baadhi ya marehemu kwa majina. Kwa watu wa pale haukuwa habari, maana habari walikuwa nayo. Ulikuwa tanzia, na jina likitajwa palikuwa na mtu aliyeinama. Mwanafunzi asiyeijua asili hiyo huimba orodha ya majina. Heaney alikuwa na desturi ya kuwaeleza wasikilizaji asili ya wimbo kabla ya kuuimba, na wengine walidhani ni maneno ya kupitisha wakati. Sivyo. Alikuwa akiwajengea wageni wa Marekani ule ujuzi ambao jirani wa Carna alizaliwa nao.

Nguzo ya tatu ndiyo ngumu zaidi kwa mtu aliye peke yake, nayo ni msikilizaji. Katika desturi hii msikilizaji hakai kimya kama mtu aliye katika jumba la tamasha. Humtia mwimbaji moyo kwa maneno kati ya mistari. Pengine humshika mkono na kuuzungusha polepole kwa mwendo wa wimbo. Kusema kwahitaji anayeambiwa. Rekodi hutupa msemaji, haitupi wa kuambiwa. Na chumba cha mwanafunzi ni kimya. Ndiyo maana nasema kwamba kujifunza peke yake kwaweza kuwa mwanzo halali, lakini hakuwezi kuwa mwisho.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili jibu. Ya kwanza ni kwamba Heaney mwenyewe aliimba pia kwa Kiingereza, na "The Rocks of Bawn" ni miongoni mwa nyimbo zilizomletea sifa; iko wapi basi hoja ya lugha? Jibu ni kwamba alipoimba Kiingereza hakuacha kusema. Alikipa Kiingereza cha wakulima wa Ireland heshima ile ile, akakifuata kwa pumzi yake neno kwa neno. Hoja yetu haimfungi mwimbaji katika lugha moja. Yamtaka awe ndani ya lugha anayoiimba. Pingamizi ya pili ni ya mashindano. Oireachtas, sherehe iliyoanzishwa mwaka 1897, ina kombe la Corn Uí Riada, linaloshindaniwa tangu mwaka 1972, na limewapa waimbaji heshima na wasikilizaji wanaojua. Hilo ni jema. Lakini mwamuzi naye hujaribiwa kuyapima yale yanayohesabika, na mapindo huhesabika kwa wepesi kuliko ukweli wa usemi. Aibu ya mashindano na aibu ya rekodi ni moja: zote mbili zaweza kuthamini nakshi ya mlango zikasahau nyumba.

Wageni kufika ndani si ndoto. Sean Williams, Mmarekani, alikuwa mwanafunzi wa Heaney. Baadaye, pamoja na Lillis Ó Laoire, mwimbaji na mtaalamu kutoka Donegal, aliandika kitabu juu ya maisha na sanaa ya mwalimu wake, kilichotoka mwaka 2011. Alipata bahati ya mwalimu aliye hai. Asiyeipata afuate mpango huu: ajifunze lugha kwanza, hata kama ni ya nyimbo tatu tu, lakini azijue kama ajuavyo maneno ya mama yake, kisha atafute asili ya kila wimbo, kisha asikilize waimbaji wengi wa wimbo mmoja, si mwimbaji mmoja wa nyimbo nyingi. Madoido yatakuja kwa wakati wake, machache au mengi. Halafu amtafute mtu mmoja ajuaye Kiairishi, amwimbie, wala asimwulize kama sauti yake ni nzuri. Amwulize amesikia akiambiwa nini.