Mchu na chumvi yake

Ukilamba jani la mchu wakati wa kiangazi, ulimi hukutana na chumvi. Haikurushwa na mawimbi. Imetoka ndani ya jani kupitia tezi ndogo sana, kisha jua likaikausha. Wengi hukisifu kipaji hicho cha mkoko huu na kuishia hapo. Mimi naona kazi kubwa imeshafanyika ndani ya seli.

Lita ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Mizizi ya mchu huzuia sehemu kubwa isipite. Inayopenya ndiyo yenye balaa: sodiamu inafanana na potasiamu kiasi cha kuketi mahali pake, na vimeng'enya vinavyoitegemea potasiamu vikivurugika, kazi za seli hukwama.

Kwenye utando wa nje wa seli ipo protini iitwayo SOS1, inayoitoa sodiamu. Kwenye utando wa vakuoli, ile hifadhi pana iliyo katikati ya seli, ipo NHX, inayoiingiza sodiamu humo na kuifungia. Hazifanyi kazi bure. Pampu nyingine hutumia nishati kurundika ioni za haidrojeni upande mmoja wa utando. Ioni hizo zikirudi, sodiamu huhamishwa. Ni kama baharia anayekumba maji ya ngama: chombo kinavuja safari nzima, na mkono haupumziki.

Sasa uone ufundi wenyewe. Chumvi iliyofungiwa inatumikishwa: huvuta maji, seli ikabaki imejaa katika tope ambalo lingeunyausha mmea mwingine. Lakini vakuoli ikivuta hivyo, uteute unaoizunguka ungekaukiwa. Basi mchu hutengeneza glisini betaini, inayoshikilia maji bila kuvidhuru vimeng'enya, na kuiweka kwenye uteute huo. Betaini ina naitrojeni, ni ghali kuitengeneza. Sodiamu inapatikana bure. Cha bure kinajaza nafasi pana, cha ghali kinatosha pembeni. Fundi mwenye hesabu!

Mwaka 2001, Hong-Xia Zhang na Eduardo Blumwald walitangaza nyanya zilizoongezewa uwezo wa NHX. Zilizaa zikinyweshwa maji yenye chumvi chini ya nusu ya ile ya bahari, na chumvi ikabaki zaidi majanini kuliko kwenye tunda. Ni hatua kubwa, ila ni kifaa kimoja tu kilichoazimwa. Nyanya hiyo ukiipanda penye mchu, itakufa.