Nondo Nne, Milivolti Mbili

Fundi anayetaka kujua udongo wa kiwanja unapitisha umeme kwa kiasi gani huanza na kile alichonacho: anachomeka nondo mbili ardhini, anashikiza multimita, anasoma namba. Namba inatoka, lakini karibu yote ni habari ya zile nondo. Sehemu kubwa ya ukinzani imekaa kwenye sentimita chache za udongo zinazoizunguka kila nondo. Kwenye mchanga mkavu sehemu hiyo peke yake hufika maelfu ya omu. Mwaga kopo la maji juu ya nondo, namba inaporomoka, na ardhi ya chini haijabadilika hata kidogo.

Njia ya kukwepa jambo hili ni ya zamani. Conrad Schlumberger alikuwa akipitisha umeme ardhini huko Normandia, Ufaransa, tangu 1912, akitafuta madini. Mwaka 1915 Frank Wenner, wa taasisi ya serikali ya Marekani inayosimamia viwango vya vipimo, alieleza mpango ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Nondo nne zinapangwa kwenye mstari ulionyooka, umbali kati yake ukiwa sawa. Mbili za nje zinapeleka mkondo; mbili za ndani zinasoma volti tu. Kwa kuwa kifaa cha kusomea volti hakivuti mkondo wa maana, ukinzani wa nondo za ndani haupati nafasi ya kuharibu jibu. Hesabu ni fupi: gawanya volti kwa mkondo, zidisha kwa umbali kati ya nondo, kisha zidisha mara 2 na mara pai. Jibu ni ukinzani wa udongo wenyewe, kwa omu-mita.

Mwaka 1946 mwanaakiolojia Richard Atkinson alichukua mita ya mafundi umeme ya kupimia arthi akaipeleka Dorchester-on-Thames, Uingereza, kutafuta mitaro ya kale iliyofukiwa. Mtaro uliojaa udongo wenye unyevu husoma chini. Msingi wa ukuta wa mawe husoma juu. Tangu hapo wapenzi wa akiolojia nchini humo wamekuwa wakijiundia mita zao wenyewe, na bei ya vifaa imeendelea kushuka. Leo bodi ndogo ya kompyuta ya Arduino, vipande viwili vya ADS1115 vinavyogeuza volti kuwa namba (kimoja cha volti, kingine cha mkondo), relei za kugeuza mkondo na betri ya volti 12 vinatosha kuanzia. Saketi ya kusoma volti iwe na betri yake, isishiriki hata waya mmoja na saketi ya kusukuma mkondo. Wengi huunguza kipande chao cha kwanza hapo.

Kazi yenyewe iko kwenye namba ndogo. Chukua udongo wa omu-mita 50, wenye mfinyanzi kiasi na unyevu kiasi. Ukiweka nondo mita 2 kutoka moja hadi nyingine na kupeleka miliampia 50, nondo za ndani zitasoma takriban milivolti 200. Hata multimita ya dukani inaiona namba hiyo. Tanua hadi mita 20, mkondo uleule, udongo uleule: milivolti 20. Lakini miliampia 50 zenyewe hazipatikani bure. Nondo za nje zikiwa na omu 1,000 kila moja, betri ya volti 12 inasukuma miliampia 6 tu, na volti za ndani zinabaki milivolti 2.4.

ADS1115 ikiwekwa kwenye kipimo chake chembamba zaidi inatofautisha mikrovolti 7.8, kwa hiyo milivolti 2.4 ni zaidi ya hatua 300. Kuona si tatizo. Tatizo ni kwamba ardhi ina volti zake. Chuma kilichogusana na udongo wenye unyevu ni nusu ya betri, na nondo mbili hazifanani kamwe. Kati ya nondo za ndani mara nyingi kuna makumi ya milivolti kabla hujawasha chochote, na hayatulii.

Ndiyo maana mkondo lazima ugeuzwe. Tuseme unapeleka mbele, unasoma milivolti 33.4, unageuza, unasoma 29.0, unarudisha mbele, unasoma 34.2. Ukichukua masomo mawili ya kwanza, ukatoa na kugawa kwa mbili, unapata 2.2. Lakini volti za ardhi zilikuwa zikipanda wakati unasoma. Jumlisha la kwanza na la tatu, toa la kati mara mbili, gawa kwa nne: 2.4. Kosa la asilimia nane limeondoka bila kununua kitu. Mtu akinionyesha kifaa alichokiunda, programu inayofanya hesabu hii ndiyo naiangalia kwanza, kabla ya sanduku na skrini.

Halafu kuna umeme wa nguzo. Gridi ya hertzi 50 huvujisha mawimbi yake ardhini, na karibu na transfoma mawimbi hayo huzidi kile unachokitafuta. Kila somo liwe wastani wa milisekunde 200, yaani mizunguko kumi kamili, na sehemu kubwa ya kelele hiyo inajifuta.

Kuna wanaotatua udogo wa namba kwa kuongeza volti: inveta ndogo, volti 100 au 200 kwenye nondo za nje. Inasaidia kweli. Pia inaua. Nondo ya mwisho iko mbali na wewe, na mtoto au mbuzi anaweza kuishika. Hakuna kuwasha mpaka kila aliye kwenye mstari aitikie kwa sauti.

Kosa jingine la kawaida ni kupigilia nondo kina kirefu. Hesabu ya Wenner inachukulia kila nondo kuwa nukta. Nondo zikiwa nusu mita kutoka moja hadi nyingine, sentimita 3 ndani zinatosha. Ukipigilia 30 jibu linapotoka. Na ukitilia shaka somo, badilisha kazi: za ndani zipeleke mkondo, za nje zisome volti. Jibu linapaswa kubaki lilelile. Lisipobaki, tafuta waya uliochubuka au unyevu kwenye maungio.

Kwa kina, mstari wa Wenner unaona takriban nusu ya umbali kati ya nondo. Kwa hiyo kifaa cha nyumbani ni kizuri kwa maswali ya mita chache: arthi ya jengo, shimo la choo la zamani, msingi uliofukiwa. Kisima cha mita 60 kwenye mwamba wa Dodoma ni habari nyingine. Kwa Wenner kinataka umbali wa mita 120 kati ya nondo, mstari wa mita 360, na hata kwa miliampia 50 kwenye udongo uleule wa omu-mita 50 unabaki na milivolti 3 hivi. Anayekuja kukupimia maji kwa njia hii na waya wa mita 30, muulize anaona kina gani.

Hata mstari ukitosha, namba ndogo haina maana ya maji matamu. Pwani, mchanga uliolowa maji ya chumvi na tabaka la mfinyanzi mzito vyote vinaweza kusoma omu-mita chache tu, na kutoka juu huwezi kuvitenganisha. Hapo wapimaji waache nondo kwa muda, wachote maji kwenye kisima cha jirani na kuyapima chumvi, ndipo wachore tabaka.