Sura ya Ndege na Mahali Pake

Sebuleni kwangu, Mtaa wa Aggrey hapa Kariakoo, imetundikwa kalenda yenye picha kumi na mbili za ndege wa porini. Niliinunua Mtaa wa Kongo, kwa mchuuzi aliyeitandaza chini pamoja na soksi na vioo. Mwaka wake umekwisha, lakini sijaishusha. Kila mgeni anayeingia huitazama kwanza kabla ya kunisalimu, nami kwa miezi mingi nilidhani kwamba hiyo yatosha kuwa dalili ya picha nzuri.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Picha hizi zimepigwa kwa ustadi mkubwa. Zote ni za sura: kichwa, shingo na sehemu ndogo ya kifua, basi. Picha ya Machi ni ya bundi yule mkubwa wa Afrika ambaye kope zake ni za rangi ya waridi. Mke wangu alifundishwa tangu utotoni kwamba bundi akilia paani, msiba uko njiani. Siku ya kwanza alisimama mbele ya picha ile kwa muda mrefu, kisha akasema, “Kumbe ana kope nzuri hivi, na watu wanampiga mawe!” Hotuba zangu za miaka arobaini hazikuwahi kumtoa hofu hiyo. Picha moja imemtoa.

Wala si kazi rahisi. Ndege hamngoji mtu. Richard na Cherry Kearton, ndugu wawili wa Uingereza, walipiga picha ya kiota chenye mayai mwaka 1892. Mwaka 1900 walitengeneza ng’ombe wa bandia, nje ngozi na ndani uwazi, mpiga picha akajibanza tumboni mwake ili ndege wasishtuke. Siku hizi lenzi ndefu za milimita 400 au 500 zimempunguzia mpiga picha safari ya kutambaa, lakini subira ni ile ile.

Basi kosa liko wapi? Liko nyuma ya ndege. Lenzi ndefu ikifunguliwa sana huonyesha kitu kimoja kwa ukali, na vyote vilivyo nyuma yake huyeyuka vikawa rangi tupu. Katika kalenda yangu ndege wote kumi na wawili wamewekwa mbele ya rangi hiyo tupu, kijani au kahawia, kama wateja waliopiga picha za pasipoti katika studio moja. Huoni mti, tope wala jirani. Hujui anakula nini wala nani anamla yeye.

Tazama picha ya Juni. Ni kasuku mdogo aitwaye kasuku wa Fischer: mwili kijani, uso wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, na duara jeupe kuzunguka jicho. Asili yake ni kaskazini mwa Tanzania, kusini mwa Ziwa Viktoria na huko Serengeti. Katika miaka ya 1980 kasuku hawa walinaswa kwa wingi mno, wakauzwa ng’ambo kufugwa vizimbani. Sasa nakuuliza, msomaji: huyu wa kwenye kalenda yuko juu ya mgunga au yuko kizimbani? Nimevaa miwani, nimevua miwani, sijapata jibu. Picha inayojiita ya ndege wa porini, nayo haiwezi kututhibitishia kwamba ndege yuko porini, ina pengo kubwa, hata kama manyoya yake yanahesabika moja moja.

Nakiri kwamba pengo hilo nililishiriki. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilipenda sana picha za namna hii kama zana za kufundishia. Siku moja nilikwenda kumkagua mwanachuo aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Akainua picha kubwa ya kichwa cha ndege, akauliza jina lake. Darasa zima kimya. Nikaandika katika daftari langu kwamba wanafunzi hawana uelewa. Dakika chache baadaye kivuli kilipita uwanjani, kuku wa jirani wakapiga kelele, na watoto wote wakaruka dirishani: “Mwewe! Mwewe!” Nikaandika tena: darasa halina nidhamu. Picha iliyoinuliwa ilikuwa ya mwewe. Watoto wale walimjua kwa mkia wake, kwa kivuli chake na kwa kilio cha kuku. Hawakuwahi kumwona kwa karibu namna ile, na sikuona sababu ya kuwauliza. Yule mwanachuo nilimpa alama nzuri kwa zana zake. Watoto sikuwapa kitu.

Mwaka jana mjukuu wangu alinionyesha picha mbili alizopiga kwa simu kutoka kibarazani kwetu, ghorofa ya tatu. Zote ni za kunguru, yule wa Bara Hindi aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890 asaidie kula taka, kisha akaenea pwani yote. Hapa Dar es Salaam ametegwa na kuwekewa sumu, nami nilishangilia. Picha ya kwanza ilikuwa ya sura: shingo ya kijivu, mdomo mnene, jicho jeusi linalokutazama kama lina swali. Nikaona haya kidogo kwa kushangilia kwangu. Ya pili alikuwa ameipiga akirudi nyuma hatua chache: nyaya za umeme, mabati, lundo la taka chini, na kunguru yule yule ameshika mdomoni kinda la shomoro.

“Babu, ipi nzuri?” akaniuliza.

Nilimwambia ya kwanza imepigwa vizuri zaidi, nayo ni kweli. Lakini kama ningepewa moja tu ya kutundika, ningechukua ya pili. Ya kwanza ilinifanya nimhurumie kunguru. Ya pili ilinionyesha kwamba huruma yangu ina hesabu mbili, ya kunguru na ya shomoro, na kwamba zote mbili zinafanyika juu ya taka tunazomwaga sisi wenyewe.

Kalenda sitaishusha, kwa ajili ya bundi na mke wangu. Ila ile picha ya kunguru na kinda nimeisafisha, nimeibandika pembeni yake. Wageni sasa huchelewa zaidi kunisalimu.