Mamba Muntu tena? Neno kwa vijana wachoraji

Wengi wetu tunazoea kumcheka kijana anayeuza tablo ya Mamba Muntu: «Ile tulishaiona!» Mimi naona lawama hiyo haiko sawa. Mchoraji anakula na tablo yake. Watu ndio wanaomba Mamba Muntu ya kutundika saloni, na rangi haiokotwi barabarani, inanunuliwa na feza. Tshibumba Kanda Matulu naye alichora Colonie belge mara mingi kwa kuuza, kwenye kitambaa cha mifuko ya unga. Lakini katika miaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya inchi, tablo kupita 100. Kurudilia hakukumuua.

Kosa liko pengine: kurudilia mkono wa mwengine. Hapa Lubumbashi, katika Hangar ya Pierre Romain-Desfossés iliyoanza 1946, Bela, Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga walifanya kazi pamoja. Bela alichora na vidole. Mwenze alijaza tablo na mistari mifupi-mifupi. Pilipili alipenda ndege na samaki. Hata bila kusoma jina, unajua hii ni ya nani.

Basi kijana, mnunuzi akiomba Mamba Muntu, mpe. Lakini maji yake yawe maji uliyoyaona wewe, ya Kafubu ama ya Lualaba. Tukifunika sahihi yako na tusijue nani amechora, umeuza kitambaa na rangi tu. Kazi yako bado haijaonekana.