Miguu ya Olajuwon

Ubishi wa michezo hapa Mafia kwa kawaida ni wa Simba na Yanga, na msimu ukipamba moto hakuna nafasi ya mwingine. Ligi ikisimama, baraza moja la Kilindoni hurudi kwenye mzozo wake wa siku nyingi: katika mpira wa kikapu wa Marekani wa miaka ya 1990, nani alikuwa senta bora? Majina ni yaleyale. Shaquille O'Neal, Patrick Ewing, David Robinson, Dikembe Mutombo, Hakeem Olajuwon. Karibu wote wanaobishana hawakuwahi kuwaona mubashara. Tanzania Bara televisheni ilianza mwaka 1994, mwaka uleule Olajuwon alipoipa Houston Rockets ubingwa wake wa kwanza. Wakubwa wetu waliona kanda za video Dar es Salaam, enzi wanacheza wenyewe kwenye viwanja vya Upanga. Vijana wanaona vipande kwenye simu. Uzuri wa simu ni kwamba kipande kinasimamishwa, kinarudishwa nyuma, kinachezwa tena, na mtu hawezi kuongopa juu ya kitu ambacho wote mnakitazama.

Mimi niko upande wa Olajuwon, na hoja yangu yote iko miguuni.

Alizaliwa Lagos mwaka 1963 na kukulia kwenye soka, akidaka golini, na kwenye mpira wa mikono. Kikapu alikishika akiwa kijana mkubwa wa sekondari. Watu husimulia kuchelewa huko kama muujiza. Mimi naona ndiko kulikomtengeneza. Golikipa hufundishwa kutotoa uzito wake mapema, maana akishaegemea upande mmoja kabla mpigaji hajaamua, kazi imekwisha. Mpira wa mikono humzoesha mtu kupanga hatua chache alizoruhusiwa kabla ya kurusha. Alipochaguliwa wa kwanza kabisa na Houston mwaka 1984, Michael Jordan akiwa wa tatu, miguu hiyo ilikuwa tayari imeshasoma kwingine.

Chenga yake yenyewe, ile Dream Shake, inataka kutazamwa polepole. Anapokea mpira pembeni ya kikapu, kakipa mgongo, mlinzi kamwegemea kwa nyuma. Bega linazama kuelekea katikati ya uwanja. Ni bega tu, nyayo hazijasogea. Mlinzi akiamini, uzito wake unahamia mguu mmoja, na papo hapo Olajuwon anageukia upande wa mstari wa mwisho kwa ncha ya kiatu na kurusha huku akiegemea nyuma. Mlinzi asipoamini, mpira unapanda juu kana kwamba unarushwa. Hapa ndipo pa kusimamisha video. Mtu anayeruka kweli hunyoosha magoti. Yeye mikono imepanda, kichwa kimepanda, macho yako kikapuni, magoti yamebaki yamekunjwa. Mlinzi yuko hewani peke yake. Mguu mmoja wa Olajuwon haujabanduka sakafuni, kwa hiyo sheria iko naye. Ule mwingine unapita chini ya mkono wa aliyeruka, na mpira unawekwa kikapuni bila haraka.

Ukiwatazama mafundi wa majahazi wa Jibondo, huoni mchoro popote. Kila ubao unapimwa kwa ule uliokwisha kupigiliwa. Olajuwon naye hakuwa na chenga ya kukariri. Kila hatua ilisubiri jibu la mlinzi, na jibu lolote lilikuwa na hatua yake.

Aliyeonja zaidi ni Robinson, na Robinson hakuwa mlinzi wa kuchezewa: mwaka 1992 alitajwa Mlinzi Bora wa NBA. Mei 1995, mwaka ambao huku tunaukumbuka kwa kuanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Mafia, alikabidhiwa tuzo ya Mchezaji Bora wa msimu mbele ya watu wake wa San Antonio, kabla ya mechi ya pili ya fainali ya Magharibi. Usiku huohuo Olajuwon aliweka pointi 41. Houston, walioingia mtoano wakiwa wa sita Magharibi, walishinda mfululizo ule 4–2, kisha wakaifunga Orlando ya Shaquille 4–0 na kubeba kombe la pili.

Kisha kuna Ramadhani ya mwaka huo. Iliingia mwanzoni mwa Februari, naye alifunga saumu bila kuruka siku za mechi, hata zile za mchana. Mwezi huohuo akatangazwa Mchezaji Bora wa Mwezi. Wavuvi wa hapa wanaovuta nyavu na kiu ya saumu hawahitaji kufafanuliwa habari hii.

Upande wa Mutombo haukubali kirahisi. "Kaka, Mutombo Mlinzi Bora mara nne, huyo wako mara mbili," husema kijana mmoja wa bodaboda, na ni kweli. Tangu Mutombo afariki Septemba 2024 sote tunamtaja kwa heshima, pamoja na ile hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake. Lakini katika kuzuia mipira, Olajuwon ana 3,830, Mutombo 3,289. "Mdogo wangu, hesabu hizo zilianza msimu wa 1973–74," huingilia mwalimu wetu. "Bill Russell na Wilt Chamberlain ungewaweka wapi?" Naikubali hoja ya mwalimu. Mimi husogea kwenye hesabu nyingine: Olajuwon alipokonya mipira 2,162. Hakuna mwingine katika NBA aliyevuka 2,000 katika kuzuia na katika kupokonya pia. Senta hapokonyi mipira mingi hivyo kwa urefu. Anapokonya kwa sababu miguu imefika kabla ya mkono.

Hasheem Thabeet hutajwa kila mara. Kijana wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, alichaguliwa wa pili mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Naye alianza kikapu akiwa mkubwa, tena alimzidi Olajuwon kimo. Hakudumu kule kama tulivyomwombea, na bado hakuna anayemsema vibaya barazani.

Ufundi wa Olajuwon haukuondoka naye alipostaafu. Kobe Bryant, tayari ana mataji manne, alimfuata Houston mwaka 2009 kujifunza. LeBron James alikwenda mwaka 2011. Nani kati ya wale wengine aliendewa na mabingwa namna hiyo?

Swali hilo hujibiwa na mzee mmoja ambaye hataki kabisa mambo ya miaka ya 1990. Kwake senta ni Kareem Abdul-Jabbar, pointi 38,387 na mataji sita. Mimi humkumbusha mwaka 1986, Houston ya kijana Olajuwon ilipowatoa Lakers ya Kareem 4–1. Hunijibu kwamba Kareem alikuwa na miaka 39, na hilo halina ubishi. Kwa ajili yake nimeanza kuitazama miguu ya Kareem pia: wa kushoto unakanyaga kwanza, bega la kushoto linamzuia mlinzi, goti la kulia linapanda pamoja na mkono wa kulia, na mpira unatoka ukiwa umefika juu kabisa. Mlinzi hana pa kuingilia. Kwa mrusho mmoja, Kareem namweka juu ya wote. Kwa miguu, bado ni Olajuwon.